Mbona trakea haitoi matawi ilhali mapafu yanatoa?

Msomaji wetu wa Kisauni, yuasomea uuguzi, ameuliza hivi: "Daktari, tumefundishwa trakea (bomba kuu la hewa la kooni) na mapafu yote yatokana na bomba moja linalochomoza mbele ya utumbo wa kiinitete wiki ya 4. Sasa mbona huku juu limenyooka tu na huku chini lajigawa matawi mpaka basi? Jeni si ni zile zile?"

Dadangu, jeni, yaani maagizo ya urithi ndani ya seli, ni zile zile, lakini amri nyingi hazitoki kwa bomba lenyewe, zatoka kwa ile nyama laini iliyolizunguka, mesenkaima. Vitabu vya kozi vyaipa mstari mmoja vikaenda zake, na hapo ndo wanafunzi hupotea.

Mwaka 1962 watafiti Alescio na Cassini walichukua kiinitete cha panya, wakaibandua mesenkaima kidogo ubavuni mwa trakea, wakapachika ile ya kwenye ncha za mapafu. Trakea, ambayo haikuwa na mpango wowote wa kuchipua, ikatoa chipukizi pale pale! Baadaye wengine wakajaribu kinyume chake, mesenkaima ya trakea ikavishwa mapafu, matawi yakasimama. Kwa hivo uwezo trakea inao, haijaambiwa tu.

Na ukitaka kuona kwa macho pita buchani Kongowea uombe mapupu ya mbuzi na koo lake. Utaona upande wa kulia tawi moja latoka kwa trakea yenyewe, kabla haijagawika mara mbili. Kwa binadamu hilo ni nadra, kwa mbuzi na ng'ombe ndo kawaida yao.

Sasa amri yenyewe ni nini? Kubwa ni protini inaitwa FGF10, mesenkaima ya kwenye ncha yaimwaga, seli za bomba zina kipokezi chake, zaifuata. Ukiweka kishanga kilicholowa FGF10 karibu na pafu changa kwenye sahani ya maabara, bomba lakua kuelekea kishanga. Panya wasio na jeni ya FGF10 huzaliwa na trakea yaishia hewani, mapafu hakuna kabisa, wafa hapo hapo. Na bomba nalo si bubu, ncha zake zatoa protini nyingine, SHH, ambayo yaipunguza FGF10 pale mbele, basi yabaki pembeni na ncha yapasuka mbili.

Hiyo ndo picha ya mtihani, iandike upate maksi, ila usiimeze nzima. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba hata FGF10 ikimwagwa kila mahali matawi bado yaweza kutoka, kazi yake moja kubwa ni kuzizuia seli za ncha zisikomae mapema. Misuli laini inayozunguka bomba na presha ya maji yaliyo ndani pia zina mkono wao.

Na kwa sababu wewe ni wa wodini: ile deksamethasoni, dawa inayoiga homoni ya kotisoli, mama adungwa akitishia kujifungua kabla ya wakati, twaidhania yaenda moja kwa moja kwa seli zinazotengeneza safaktanti, ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visishikamane. Kwa panya, ukiondoa kipokezi cha homoni hiyo kwa mesenkaima peke yake, mapafu hayakomai na mtoto hushindwa kupumua akizaliwa. Yaani hata dawa sehemu kubwa ya kazi yake yapitia kwa jirani.