Jibu: Utafiti wa mtiririko ng'ambo bila maabara kubwa nyumbani

Mdogo wangu, umeuliza kama mwanafunzi wa uhandisi mitambo hapa Nairobi anaweza kupokelewa ng'ambo kutafiti mtiririko wa maji na hewa, hali chuo chake hakina handaki la upepo (mtambo wa kupulizia hewa juu ya kifaa ili kupima inavyopita). Anaweza. Mitambo utafundishwa hukohuko. Profesa anatazama kwanza kama hesabu zako zimekaa. Shika milinganyo ya Navier-Stokes, inayoeleza mwendo wa maji na hewa, na uweze kueleza bila daftari kwa nini maji kwenye bomba huanza kuvurugika namba ya Reynolds (inayolinganisha nguvu ya mwendo na mnato) ikipita takriban 2,300. Kisha pakua OpenFOAM, programu ya kuigiza mtiririko kwenye kompyuta (ni ya bure, ingawa mwanzoni itakusumbua), uigize bomba hilohilo kwa mtiririko tulivu, ulinganishe matokeo na fomula ya Poiseuille, inayokokotoa mtiririko tulivu kwenye bomba. Ripoti ya kurasa nne juu ya hilo, kwa maoni yangu, inashinda barua iliyojaa sifa.

Kwa mafunzo mafupi, angalia Taasisi ya von Karman ya utafiti wa mtiririko, Ubelgiji. Mahandaki yake hufika hadi kasi zinazopita ya sauti mara kadhaa. Ujerumani? DAAD, shirika lao la ufadhili wa masomo, wana ofisi hapahapa Nairobi. Na pasipoti omba sasa, usingoje barua ya kukubaliwa.