Majina 300 kwenye daftari, mwanafunzi hata mmoja hajaja: tufanyeje na maonesho ya elimu ya nje?

SWALI: Habari kaka. Mimi ni afisa udahili kwenye chuo kikuu binafsi hapa Dar. Mwaka jana tulienda maonesho ya elimu Bujumbura, tukarudi na majina kama 300, lakini aliyekuja kusajiliwa hamna hata mmoja na mkuu wa chuo anauliza hela imeenda wapi. Mwaka huu katoa bajeti ya safari moja tu, tuchague Bujumbura tena, Lubumbashi ya Kongo au Moroni ya Comoro, na kuna mtu anamshauri twende NAFSA Marekani. Tuchague vipi, tukifika mezani tufanye nini tofauti, na kuna wakala alitufuata bandani anataka komisheni, tumsainie?

JIBU: Salama dada, na pole na presha ya huko ofisini. Mkuu ana haki ya kuuliza, ila naona mnatafuta tatizo mahali ambapo halipo. Majina 300 sio kidogo, banda lenu lilifanya kazi yake. Kilichokwama ni kwamba yule mtoto alirudi nyumbani na kipeperushi kizuri cha rangi lakini hana jibu la swali lake la kwanza kabisa, yani cheti chake kwenu kinaingia au hakiingii.

NAFSA niimalize haraka. Ule ni mkutano wa watu wanaofanya kazi za elimu ya kimataifa, kama ulivyo EAIE wa Ulaya. Unakutana na maofisa wenzako wa vyuo vingine mnaongea habari za kubadilishana wanafunzi na walimu, kusaini makubaliano na kadhalika, mzazi na mtoto aliyemaliza sekondari hawapo pale. Kwa chuo chenye kitengo cha ushirikiano kilichosimama ni sawa kwenda, kwa chuo kinachotaka kujaza viti muhula ujao hapana.

Sasa cheti. Hapa nitakaa kidogo maana ndo moyo wa jambo lote.

Mtoto wetu wa form siksi mnajua mnampima vipi, prinsipo mbili (yani masomo mawili aliyofaulu kwa kiwango cha form siksi) zenye jumla ya pointi 4 ndo kiwango cha chini cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwa digrii, halafu kozi husika inaongeza masharti yake. Mganda mwenye UACE, cheti chao cha form siksi, mfumo wake unafanana na wetu, miaka minne halafu miwili, kwa hiyo mnaelewana haraka. Ila Mkongo anakuja na Diplôme d'État yenye asilimia, Mrundi naye ana ya kwake, Mkomoro ana baccalauréat, na Mkenya wa KCSE, cheti chao cha kumaliza sekondari, au Mzambia wa Grade 12 hajapita form faivu na siksi kabisa. Vyeti vyote hivyo vya sekondari vinapita NECTA, Baraza la Mitihani, kupata ulinganifu, yani kupimwa vinalingana na kiwango gani cha hapa kwetu, diploma zinaenda NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, na shahada kwa wanaokuja kusoma masta zinaenda TCU. Vilivyoandikwa Kifaransa vinahitaji tafsiri iliyothibitishwa. Watu wengi wanadhani kwa kuwa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mwaka 2017, tena hapahapa Dar, basi cheti cha Bujumbura kinapita chenyewe mlangoni. Hakipiti, bado ulinganifu unafanyika.

Nimewahi kumwona baba mmoja Lubumbashi amesimama kwenye foleni ya meza na bahasha ya kaki ameibana kwapani. Alipofika akatoa karatasi ya binti yake, asilimia 58, akaiweka juu ya vipeperushi na kuishikilia kwa vidole viwili isipeperushwe na feni, akauliza kwa Kiswahili cha kwao kama hiyo inatosha kusoma famasi. Kijana wa chuo akamjibu "chukua fomu baba, utapigiwa." Yule baba akakunja karatasi yake akahamia meza ya pili, ya chuo cha nchi nyingine, na pale akakaa karibu nusu saa. Hakurudi.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, chukueni cheti cha nchi mnayokwenda, kaeni na watu wenu wa taaluma, waulizeni NECTA vyeti vya aina hiyo huwa wanavilinganisha vipi, halafu tengenezeni ukurasa mmoja wa kila kozi: mwenye matokeo haya anaomba moja kwa moja, mwenye haya aanzie diploma (na akimaliza na GPA ya 3.0 kwenda juu mlango wa digrii unafunguka), mwenye haya apitie foundation, kozi ya maandalizi ya digrii, ya Chuo Kikuu Huria. Ukurasa huo uwe kwa Kifaransa na Kiswahili. Na mezani msimwambie mtu "umepata", mwambieni "kwa matokeo haya unaweza kuomba, ulinganifu ukishatoka ndo tunakupa barua." Nawaomba sana hili. Kuna watoto ambao kwao wanauza ng'ombe ili waje kusoma, wanakuja mpaka hapa na begi na godoro, ndo wanaambiwa cheti hakikidhi, na mtoto anaona aibu kurudi nyumbani. Hiyo ni dhambi jamani.

La lugha msilifiche. Mnafundisha kwa Kiingereza na wao wametoka kwenye Kifaransa, kwa hiyo kama hamna kozi ya Kiingereza ya miezi michache kabla ya muhula, tafuteni ya kuwaunganisha na muweke gharama yake kwenye karatasi ya ada.

Kwenye kuchagua mji, angalieni kalenda kwanza. Kongo, Burundi na Comoro watoto wanamaliza sekondari katikati ya mwaka, sisi udahili wa digrii kwa kawaida unafunguka Julai matokeo ya form siksi yakishatoka na masomo yanaanza Oktoba au Novemba. Mkienda kwenye maonesho ya Septemba mmeshachelewa, maana ulinganifu, tafsiri, pasipoti na kibali cha ukaazi daraja C haviishi ndani ya wiki tatu. Nendeni Machi mpaka Mei wakati mtoto yuko mwaka wa mwisho na wazazi ndo wanaanza kuhesabu hela. Kenya, Uganda na Zambia ni tofauti, wao wanafanya mitihani mwishoni mwa mwaka, matokeo yanatoka mwanzoni mwa unaofuata.

Mimi kwa bajeti ya safari moja ningeenda Lubumbashi. Sababu ya kwanza Kiswahili, mtaongea na mama na baba bila mkalimani, na anayelipa ada ni huyo. Ya pili, mji ule na Dar wameshazoeana kibiashara, mizigo ya Katanga, eneo la mji huo, inapita bandari yetu, na wafanyabiashara wao wako Kariakoo kila siku ya Mungu. Na hapa niseme kitu ambacho sijaona vyuo vingi vikikifanya: wazazi mnaowafuata kwa ndege wengine wamelala gesti za Kariakoo wiki hii. Wakomoro pia, wanakuja kwa bidhaa na kwa matibabu. Maonesho ya TCU yanafanyika Mnazi Mmoja, kutoka hapo mpaka sokoni ni kutembea kwa miguu, lakini mabanda karibu yote yanaongea na mtoto wa Kitanzania peke yake. Wekeni mtu mmoja anayejua Kifaransa, pelekeni taarifa kwenye gesti na kwa mawakala wa mizigo wanaohudumia Wakongo, mpate wazazi bila kuvuka mpaka, halafu safari ya Lubumbashi iwe ya kukutana na familia ambazo tayari mmeshaongea nazo.

Bujumbura msiitupe. Yale majina 300 bado ni mali, wapigieni wote mwezi huu, ulizeni nani ameshamaliza na ana matokeo gani.

Mezani sasa. Daftari la jina na simu halitoshi. Mnahitaji jina, simu ya mtoto yenye WhatsApp, simu ya mzazi, mwaka wa kumaliza, mchepuo, kozi anayotaka na picha ya cheti au ripoti ya shule papo hapo. Tumieni fomu kwenye tableti inayofanya kazi bila intaneti, kwa sababu ukumbi ukijaa mtandao unakufa. Na muombe ridhaa kwa maandishi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi hapa kwetu tangu Mei 2023, na kwa mtoto chini ya miaka 18 ridhaa ni ya mzazi. Karatasi ya ada nayo ipitie kwa mhasibu kabla haijachapwa, kwa sababu kanuni za Machi 2025 zinakataza kutangaza bei za huduma za ndani kwa fedha za kigeni na vyuo vingi bado vina vipeperushi vya zamani vya dola. Wazazi wa nchi za Jumuiya watauliza kama wanalipa sawa na Mtanzania, amueni jibu mkiwa Dar, msianze kuangaliana mbele ya mteja. Mikopo ya HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ni ya Watanzania, liseme hilo wazi.

Mkirudi, ndani ya siku mbili kila mtu apate ujumbe wenye jina lake, kozi yake na hatua moja tu inayofuata. Sio PDF ya kurasa 40, bando la mtu linaisha. Mtu mmoja ofisini ndo awe na kazi hiyo, na simu iwe ya chuo isiwe ya kwake binafsi.

Hesabu ya kumpelekea mkuu iko hivi, namba ni za mfano tu. Safari imekula milioni 12, majina 300, waliotuma vyeti 40, waliopata ulinganifu 25, waliopewa barua 20, waliolipa na kusajiliwa 6. Kila mwanafunzi amewagharimu milioni 2, linganisheni na ada yake ya miaka yote mitatu, sio ya muhula wa kwanza. Ila kinachowafundisha ni wapi watu wanapungua. Kutoka 300 kwenda 40 ni tatizo la mezani na ufuatiliaji, 40 kwenda 25 mmeongea na watoto wasio na sifa, 20 kwenda 6 mara nyingi ni ada, hosteli au kibali. Ninyi mwaka jana hamjui hata mlikwama hatua gani, ndo maana mkuu hajapata jibu.

Huyo wakala msimsainie mkiwa bandani. Mwombeni majina ya vyuo viwili anavyofanya navyo kazi, muwapigie wenyewe. Komisheni kwenye biashara hii kwa kawaida ni asilimia fulani ya ada ya mwaka wa kwanza, mlipeni baada ya mwanafunzi kusajiliwa na kukaa mpaka muhula uishe. Mkataba useme ada inaingia kwenye akaunti ya chuo tu, haruhusiwi kumtoza mtoto hela ya "kumtafutia nafasi", na barua ya udahili inatoka kwenu ikiwa na namba ambayo mzazi anaweza kupiga simu kuihakiki. Akikataa kipengele hicho cha hela ya mtoto, mwacheni aende.