Miaka 28 ya kucheza gemu, na swali la kama nilikuwa ninajua kweli

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba umecheza gemu tangu ukiwa darasa la tatu, kwamba sasa una miaka 35, na kwamba tangu uanze kucheza kwa intaneti unashindwa karibu nusu ya mechi zako na vijana usiowajua, hadi umefika mahali pa kujiuliza kama ule ustadi uliouamini uliwahi kuwapo. Swali hilo nimelala nalo na kuamka nalo kwa miaka miwili. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu wengi waliokutangulia kukujibu ama wamekutia moyo tu ama wamekuambia umri umekupita, na kwa uzoefu wangu hapo sipo penye kidonda.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga mjini. Nilianza mwaka 1996, nikiwa na miaka 10, kwa mashine ya mikanda ambayo mjomba wangu aliyekuwa baharia aliileta nyumbani, tukacheza Contra na Super Mario Bros. mpaka vitufe vya pedi vikafutika maandishi. Mwaka 2000 likafunguliwa banda la gemu huko Ngamiani, jirani na kwetu, lenye televisheni mbili za chogo na PlayStation mbili: moja ya mpira, nyingine ya Tekken 3, gemu ya kupigana watu wawili. Zamu moja ililipiwa shilingi 100, na sheria ilikuwa kwamba anayeshindwa anaachia pedi na anayeshinda anabaki bila kulipa tena. Nilikuwa nikilipa hiyo mia moja baada ya swala ya Alasiri na kubaki kwenye benchi hadi adhana ya Magharibi. Vijana wa Makorora, Mabawa na Chumbageni walikuja kwa baiskeli kunijaribu, wakarudi kwao wameshindwa. Ninayaeleza haya kwa kuwa hapo ndipo imani yangu yote ilipojengwa, na kwa muda wa miaka 22 sikuwahi kupimwa na kitu kingine chochote isipokuwa watu waliokaa kwenye benchi lile na wale niliocheza nao baadaye sebuleni kwangu, ambao wengi wao walikuwa wale wale.

Mwaka 2022 niliunganisha mashine yangu na intaneti kwa mara ya kwanza, nikaingia kwenye Tekken 7. Katika mechi 30 za mwanzo nilishinda 7. Nilijipa sababu ya ugeni, lakini mwezi wa tatu hali ilikuwa haijabadilika sana, na nikaanza kufanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani, yaani kuikwepa pedi. Mpwa wangu akija kunisalimia na kuniomba tucheze, namwambia nimechoka. Anayejulikana mtaani kwa jambo moja, jambo hilo likitiwa shaka hukosa pa kusimama, na maumivu yake si madogo hata kama wenzake wanaona ni mchezo tu.

Nianze na hiyo nusu unayoshindwa, kwa sababu hiyo peke yake haithibitishi chochote dhidi yako. Mifumo ya kupanga wapinzani kwenye gemu za intaneti imetokana, kwa kiasi kikubwa, na hesabu za Arpad Elo, mwanafizikia wa Marekani aliyezaliwa Hungaria, ambaye njia yake ya kuwapangia alama wachezaji wa sataranji ilianza kutumiwa na shirikisho la Marekani mwaka 1960 na shirikisho la dunia mwaka 1970. Katika hesabu hiyo, anayekuzidi alama 200 anatarajiwa kupata takriban asilimia 76 ya ushindi, na anayekuzidi alama 400 anapata kama asilimia 91. Sasa fikiria banda letu. Mimi nilikuwa nikicheza mchana kutwa na watu ambao, kama tungepangiwa alama, wengi wangekuwa chini yangu kwa 200 au 400, na nikauzoea ushindi wa mechi tisa kati ya kumi kana kwamba ndiyo hali ya kawaida. Mfumo wa intaneti unakutafutia mtu wa kiwango chako hasa, na ukifanya kazi yake vizuri, kushindwa nusu ndiyo matokeo yake. Unaweza kupanda mwaka mzima, ukawa hodari maradufu, na bado ukashindwa nusu, kwa sababu wapinzani nao wanapandishwa pamoja nawe.

Jambo la pili ni la vifaa, nami nakusihi ulishughulikie leo kabla ya kujihukumu. Televisheni ya chogo ilikuwa ikichora picha kadiri mawimbi yalivyoingia, bila kuchelewa kwa kiasi cha mtu kuhisi. Televisheni bapa nyingi huichakata picha kwanza ili ipendeze, na uchakataji huo huchukua muda. Tekken huenda kwa fremu, yaani picha moja moja, 60 kwa sekunde, na kila fremu ni milisekunde 16.7 hivi, kwa hiyo televisheni inayochelewesha picha kwa milisekunde 60 imekunyang'anya karibu fremu nne kabla hujafanya lolote. Kwenye mipangilio ya televisheni yangu kulikuwa na hali ya gemu, inayopunguza uchakataji huo, ambayo sikuwahi kuiwasha. Nilipoiwasha, na nilipounganisha mashine kwa waya badala ya kutegemea mtandao wa hewani, nilianza kujitoa kwenye mishiko, yaani pale mpinzani anapokukamata ili akuangushe, ambayo nilikuwa nimeshaamini kwamba macho yangu hayaioni tena. Nilifurahi, lakini nilibaki kwenye ngazi ile ile.

Kuhusu umri sitakaa sana. Upo utafiti wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser cha Kanada, uliochapishwa mwaka 2014, uliochunguza wachezaji 3,305 wa StarCraft II, gemu ya kompyuta ya mbinu za vita, wenye miaka 16 hadi 44, na ukaona kwamba kasi ya kuitikia yanayotokea huanza kupungua karibu na miaka 24. Watu huinukuu habari hiyo na kuishia hapo. Utafiti huo huo ulionyesha dalili kwamba wachezaji wakubwa hufidia upungufu huo kwa kucheza kwa njia rahisi zaidi na kutumia njia za mkato za gemu vizuri zaidi. Umri unapunguza kitu, sikatai, ila hauelezi kwa nini mimi nilikuwa nashindwa kwa namna niliyokuwa nikishindwa.

Namna yenyewe niliigundua kwa daftari. Kwa wiki tatu nilirekodi kwa simu mechi nilizoshindwa, kisha usiku nikazitazama polepole, na kila raundi niliyopoteza nikaandika sababu yake kwa sentensi moja. Nilifika raundi 61. Nilitarajia kuandika mara nyingi kwamba sikuwa na kasi. Neno hilo nililiandika mara tisa tu. Raundi 27 nilizipoteza kwa kosa moja: mpinzani alipiga pigo zito la polepole, nikalikinga sawasawa, kisha badala ya kumrudishia wakati bado hajajikusanya, nikarudi nyuma. Nilipoiona mara ya ishirini nilisimamisha video nikakaa kimya, kwa sababu nilikuwa naliona banda la Ngamiani ndani ya vidole vyangu. Kule sote tulirudi nyuma baada ya kukinga. Hakuna aliyejua kwamba pigo fulani likikingwa linamwacha mpigaji wazi kwa fremu 15, nyingine 12, na kwamba kila moja ina adhabu yake maalumu. Kwa kuwa hakuna aliyejua, hakuna aliyeadhibiwa, na kwa kuwa hakuna aliyeadhibiwa, niliyapiga mapigo hayo hayo kwa miaka mingi nikiamini ni silaha zangu bora.

Silaha yangu nyingine ilikuwa ule mfululizo wa mapigo kumi niliokuwa nimeukariri kikamilifu, ambao ukiuanza mbele ya kijana wa banda, benchi zima linapiga kelele. Ndani ya mfululizo huo yamo mapigo ya juu ambayo mtu akiinama yanapita hewani, na huku kwenye intaneti mpinzani anaujua tangu pigo la pili, anainama mahali panapostahili, na raundi inakwisha.

Ngoja nieleze kitu kimoja ambacho kilinifungua macho kuliko vyote. Ngumi ya haraka kabisa kwenye Tekken huchukua fremu 10, yaani kama sehemu moja ya sita ya sekunde, wakati binadamu wa kawaida huhitaji milisekunde 200 au zaidi ili aone kitu na mkono wake uanze kujibu. Maana yake ni kwamba ngumi hiyo hakuna anayeikinga kwa kuiona, awe na miaka 16 au 38. Yule kijana unayemwona ana kasi ya ajabu hakuiona ngumi yako, ila alijua mapema kwamba kwa mahali mlipokuwa mmesimama, na kwa pigo lililotangulia, ungepiga ngumi. Ninachokiona mimi kama wepesi wa mikono ni ujuzi uliokaa kichwani mwake, na ujuzi wa namna hiyo unasomeka na mtu wa umri wowote.

Baada ya kulielewa hilo, swali langu lilibadilika umbo. Nilikuwa nikijiuliza, je, mimi ninajua gemu au sijui, na swali hilo lilikuwa linanitesa kwa sababu halikuwa limekamilika. Kujua nini, mbele ya nani? Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, nami nilikuwa nimetunzwa na watu wa kwetu, kwa haki kabisa, kwa mambo niliyoyajua juu yao. Nilijua kwamba yule fundi baiskeli wa Mabawa akibakiwa na damu kidogo, yaani uhai wake kwenye skrini ukikaribia kuisha, lazima apige teke la chini. Nilijua kwamba wageni wote wa banda wakimchagua Eddy Gordo, mpiganaji wa mateke wa Tekken, watabonyeza mateke ovyo, na kwamba ukitulia na kukinga kwa subira wanajimaliza wenyewe. Huo ni ustadi wa kweli, wa kusoma watu, ila ulikuwa wa watu kama 15 ninaowafahamu kwa sura.

Wala usidhani ninalidharau banda. Arslan Siddique wa Lahore, anayejulikana kama Arslan Ash, alitoka kwenye mabanda ya gemu ya Pakistan, nchi ambayo wachezaji wakubwa wa Tekken hawakuwa wameitilia maanani, na mwaka 2019 akashinda Evo, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, ya Japani mwezi Februari na Evo ya Las Vegas mwezi Agosti, kisha akasema kwamba nyumbani wapo wengine wa kiwango chake. Nilipomsikia nilihisi kitu kama huzuni iliyochanganyika na matumaini. Benchi lao na benchi letu lilikuwa mti ule ule, tofauti ni kwamba kwao kila hila ilipata mtu wa kuitafutia dawa, na aliyeleta hila alilazimika kurudi na nyingine. Mimi kwetu sikupata wa kunilazimisha, na kusema kweli sikumtafuta.

Sasa ninacheza hivi. Kila siku nusu saa ya kwanza siingii kwenye mechi kabisa, bali ninakaa kwenye chumba cha mazoezi na jambo moja tu kutoka kwenye daftari, kwa mfano kurudisha pigo la fremu 12 baada ya kukinga, mara 50 kila upande. Baadaye naingia mechi tano, na ninazihesabu kwa jambo hilo tu, nikilifanya nimefaulu hata kama nimeshindwa. Nimepanda ngazi kadhaa, polepole, na bado nashindwa karibu nusu kama wewe, lakini pedi siikwepi tena.

Jumamosi iliyopita mpwa wangu mwenye miaka 15 alikuja tukacheza Tekken 8. Alinishinda mechi sita kati ya tisa. Katika mojawapo ya zile tatu, akiwa na damu kidogo sana, nilikinga chini kabla hajapiga, nikammaliza, naye akaweka pedi chini akaniuliza, "Mjomba, ulijuaje kwamba nitapiga chini?" Nilimsimulia habari za fundi baiskeli wa Mabawa, kisha yeye akanionyesha namna ya kujitoa kwenye mshiko unaohitaji kubonyeza mikono yote miwili, ambao ndio ninaoufanyia kazi wiki hii.

Kwa hiyo nakuomba uniambie mambo matatu: unacheza gemu ipi, televisheni yako iko kwenye hali gani, na kabla ya kuingia kwenye intaneti ulikuwa unacheza na nani. Kisha rekodi mechi kumi ulizoshindwa, andika sababu ya kila raundi kama unavyoiona wewe mwenyewe, uziweke hapa, nami nitazitazama zote.