Tumehamia shamba msimu wa korosho, mtoto kapitwa na chanjo: tuanze upya?

SWALI: Nilijifungulia Mtwara mjini, mtoto wangu sasa ana miezi 11. Alipata chanjo za kuzaliwa, za wiki 6 na za wiki 10. Kisha tukahamia Tandahimba kwenye korosho. Za wiki 14 zikatupita, na ya miezi 9 pia. Juzi nimeenda zahanati, nesi akasema nirudi siku ya surua kwa kuwa watoto wa kufungulia chupa hawajatosha. Mjini nilikuwa nachanjisha siku yoyote ya kazi. Je, tunaanza upya? Na kwa nini kijijini iwe tofauti? (Mama, Tandahimba)

JIBU: Hapana dada, hamuanzi upya. Dozi alizokwisha kupata hazifutwi na kuchelewa. Mtoto anaendelea pale alipoishia. Linaloangaliwa ni kwamba kati ya dozi mbili za chanjo ileile zimepita angalau wiki 4, na kwako zimepita tele.

Dawa yenyewe ni ileile mjini na kijijini, na ni bure kote. Tofauti iko kwenye chupa. Chanjo ya surua-rubela huja ikiwa unga, chupa moja watoto 10, na huchanganywa na maji yake maalumu. Ikishachanganywa, inayobaki baada ya saa 6 au kliniki ikifungwa hutupwa. BCG, ile ya kifua kikuu, ni hivyohivyo, na chupa yake mara nyingi ni ya watoto 20. Mjini chupa ya surua inaisha asubuhi moja. Kwenye zahanati ya kijiji wakija watoto 3, dozi 7 zinamwagwa, ndiyo maana nesi anawakusanya siku moja. Namwelewa, ila simuungi mkono: Shirika la Afya Duniani linaelekeza chupa ya surua ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa sababu anayeambiwa arudi wengi hawarudi, hasa familia zikiwa zimelala mashambani.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wazazi wengi hupoteza haki yao. Sababu ya chupa haihusu Penta, ile sindano moja ya kukinga magonjwa matano. Penta ni ya maji tayari. Chupa iliyofunguliwa inaweza kutumika hadi siku 28 ikitunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 na masharti mengine yakifuatwa. Matone ya polio nayo yana utaratibu huohuo. Kwa hiyo hata kama surua inasubiri siku yake, Penta 3 na matone yalipaswa kutolewa juzi ileile. Rudi kesho, mpe nesi kadi, useme: “Naomba apewe zote anazodaiwa ambazo zipo leo.”

Anazodaiwa ni Penta 3, nimonia (PCV) ya tatu, matone ya polio, sindano ya polio, na surua-rubela ya kwanza. Zote zinaweza kutolewa siku moja: Penta paja la kushoto, PCV na sindano ya polio paja la kulia zikiachana sentimita 2.5 hivi, surua mkono wa kushoto juu. Sindano 4 kwa mara moja zinamtia mama huruma, lakini mwili wa mtoto hauzidiwi. Rota, chanjo ya kuhara, nesi ataiangalia kwenye kadi, kwani zipo za dozi 2 na za dozi 3. Ulizia pia vitamini A, ambayo kabla ya mwaka mmoja ni kidonge cha bluu cha yuniti 100,000, na chandarua, kwa sababu hutolewa kliniki pamoja na surua ya kwanza. Huku kwetu kusini malaria haina mapumziko, usikiache.

Mafua au homa ndogo si sababu ya kurudishwa. Anayeahirishwa ni mtoto mgonjwa sana, yule wa kulazwa.

Ukiwa na wasiwasi na friji ya sola au ya gesi, muombe nesi akuoneshe alama ya joto kwenye chupa: mraba ndani ya duara. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, joto halijaiharibu. Alama hiyo lakini haisemi kitu kuhusu kuganda, na Penta ikiganda imekufa. Hutokea friji ikizidisha baridi, au siku ya huduma ya mkoba (nesi anapopeleka chanjo nje ya zahanati) pakiti ya barafu ikitolewa kwenye friza na kutiwa moja kwa moja kwenye kibebeo cha chanjo. Inatakiwa isubiriwe hadi ukiitikisa pakiti unasikia maji yakicheza ndani.

Baada ya sindano akipata homa, paracetamol kwa mara moja ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 8 hatakiwi kuzidi, kwa mara moja, mililita 5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5. Soma lebo, maana nguvu zinatofautiana. Homa ikipita siku 2, akidegedeka au akikataa kunyonya, mpeleke kituoni.

Surua ya pili ni miezi 18. Popote mtakapokuwa, Tandahimba au Mtwara, kadi inatosha, huhitaji barua ya uhamisho. Ipige picha leo kurasa zote. Ikilowa au ikibaki shamba, nesi atapata pa kuanzia.