Barua kwa mwanangu Hamisi: majani uliyoyauliza

Tororo, Aprili

Mwanangu Hamisi,

Salamu zako zimenifikia, nami nimefurahi kusikia kwamba mkamwana wangu na mjukuu wangu hawajambo. Umeniuliza ni majani gani niliyokuwa nikiwafukizia wewe na Musa tulipoishi kwenye nyumba za reli, kwa kuwa chafya zimekurudia tangu mvua za Machi zianze, na vidonge vya Piriton vinakusinzisha kazini hata unafikiria kuviacha na kutumia vitu vya asili tu. Nitakutajia majani hayo, lakini nivumilie kwanza, maana siku zote nimesema kwamba pua inataka maji, haitaki majani.

Unakumbuka ulivyokuwa. Kila nyasi zilipotoa maua, Aprili na tena Oktoba, ulipiga chafya mfululizo hadi machozi yakakutoka, na siku za kufyeka uwanja wa shule ulirudi macho yamevimba, huku mwalimu akidhani unakwepa kazi. Hayakuwa mafua ya baridi, ulikuwa mzio. Chavua ya nyasi ni unga mwepesi unaopeperushwa na upepo, na mwili wako huudhania adui, ukatoa histamini, ambayo ndiyo inayowasha macho na kuvimbisha pua. Kwa hiyo siitegemei sana hiyo asali ya West Nile unayoisifu kwamba itauzoeza mwili wako chavua, kwa sababu nyuki kwa kawaida hukusanya chavua nzito ya maua mengine. Kwa asali koo litatulia, na kikohozi pia. Mjukuu wangu, hata hivyo, usimlambishe hata tone moja kabla hajatimiza mwaka, kwani asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda.

Maji ninayoyasema ni ya chumvi: nusu kijiko cha chai katika kikombe cha mililita 250. Yachemshe kwa dakika kadhaa, uyaache yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha uinamie beseni na kuyapitisha tundu moja yatokee la pili. Usitumie ya bomba yasiyochemshwa, maana vipo viumbe ambavyo vikinywewa havidhuru, lakini vikipitia puani huweza kufika kwenye ubongo. Ukirudi nyumbani nawa uso na nywele, na nyasi za uani azifyeke mtu mwingine kabla hazijachanua.

Sasa kuhusu kufukiza. Ulikuwa na miaka tisa, Musa minne. Niliwaketisha kwenye mkeka, nikaiweka sufuria juu ya kigoda katikati yenu, nikawafunika kwa lile blanketi la kijivu la babako. Ulipiga chafya, kigoda kikayumba, maji yakammwagikia Musa pajani. Babako aliporudi kutoka zamu aliuliza imekuwaje, nami nikajibu, "Hamisi amepiga chafya." Nilisema kweli, lakini haikuwa kweli yote, maana ni mimi niliyeweka maji yaliyotoka kuchemka juu ya kigoda chenye mguu mbovu, mbele ya mtoto wa miaka minne. Tangu siku hiyo kovu la Musa halikutajwa nyumbani bila chafya yako kutajwa, na wewe ukawa unatoka nje kila pua ilipoanza kukuwasha, hata usiku, hata mvua ikinyesha. Nilikuona ukitoka, wala sikusema neno. Najua hukuniuliza hilo, lakini siwezi kukujibu habari za majani nikaliruka.

Je, mvuke ulikusaidia? Nikikumbuka zile siku ulizolala kinywa kimefumbwa, nasema ulikusaidia. Kisha nakumbuka kwamba asubuhi chafya zilianza upya, nami naona kwamba pengine ni harufu tu iliyokufanya uhisi pua imefunguka. Na kama ni mvuke uliosaidia, basi mvuke nao ni maji, na pua inataka maji. Ukiwa mtu mzima unaweza kujifukiza, sufuria ikiwa juu ya meza imara. Mtoto asifukizwe kabisa.

Kuhusu kuacha vidonge, sitakuamulia, ingawa ulimi unaniwasha. Zipo dawa kama setirizini ambazo hazisinzishi sana, na mwenye duka la dawa atakueleza. Tangu ulipotokwa na machozi mbele ya wakubwa wako kazini, sioni fahari ya kuteseka kwa ajili ya neno "asili" tu. Lakini pua ni yako. Ila ukisikia kifua kinapiga mluzi, nenda kliniki siku hiyo hiyo, kwani ugonjwa huu na pumu ni ndugu.

Majani yalikuwa ya mkaratusi, pamoja na mrihani. Mkaratusi ule wa nyuma ya stesheni umeshakatwa. Mrihani bado uko mlangoni, na Musa anakuja Kampala Jumamosi, atakuletea mche. Nimemweleza habari ya kigoda. Akizungumza nawe juu yake, msikilize.

Mama yako