Muulize Fundi: Nembo kwenye jaketi lenye bitana

Swali: Shikamoo Bibi Fundi. Nina cherehani ya kudarizi ya kichwa kimoja, Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga. Nimepokea majaketi mazito 40 ya madereva wanaopanda Lushoto usiku. Yana bitana. Matatu ya mwanzo yameniharibikia: fremu ya kubania kitambaa inafyatuka, sindano tano zimekatika, na ndani bitana imekunjamana vibaya. Nifanyeje na 37 yaliyobaki?

Jibu: Marahaba mwanangu. La nne usiliguse kwanza.

Hayo yamewahi kunikuta. Nilidarizi majaketi ya walinzi nikapitisha sindano kutoka juu mpaka bitana, na kwa nje yalipendeza kweli. Mwenyewe alipokuja kuyachukua alivaa moja, akataka kutia simu mfuko wa ndani, mkono usiingie. Nilikuwa nimeushona mfuko pamoja na nembo. Nilikesha nikifumua kwa wembe, na mawili nikayalipa kwa sababu wembe ulikata kitambaa. Tangu siku ile sidarizi jaketi bila kwanza kuliingiza mkono ndani na kujua kila mfuko umeishia wapi.

Ukiweza, itenge bitana. Tazama upindo wa chini, fumua kiasi cha shibiri moja na nusu, uivutie bitana pembeni, udarizi kitambaa cha nje peke yake. Ukimaliza, funga kwa kufuata matundu yaleyale ya zamani. Najua utasema majaketi 37 ni mengi kufumua. Ni mengi, lakini ingiza kazi hiyo kwenye bei na umweleze mteja mapema. Dereva anayelala na jaketi lake ndani ya lori hastahili mafundo ya uzi yamkwaruze kifua.

Kama bitana imeshikanishwa na sufi kwa mishono, haitengeki. Hapo piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda. Laza jaketi mezani, nyoosha bitana kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, kisha piga bandi ya mkono kuzunguka mahali pa nembo, nje kidogo ya mipaka yake, ishike tabaka zote. Bitana inakunjamana kwa sababu inateleza huku kitambaa cha juu kikiwa kimebanwa.

Fremu inafyatuka kwa sababu unailazimisha kubana unene isiouweza. Iache ibane karatasi ya kutegemeza tu, ile nzito ya kukatwa kwa mkasi, si ya kuchanwa kwa mkono. Ipulizie gundi ya kupuliza, ulaze jaketi juu yake, halafu uiambie mashine ishone kwanza mstari mrefu wa kushikiza kuzunguka nembo. Mstari huo utauchomoa baadaye. Na usiache mikono ya jaketi ikining'inia! Uzito wake unavuta fremu, na nembo inatoka imepinda hata kama uliipanga sawa. Weka meza au viti pembeni viubebe.

Sindano, acha namba 11, weka 14 yenye ncha kali. Pandisha mguu wa cherehani usikikwaruze kitambaa, na upunguze mwendo hadi mishono 600 kwa dakika. Mchoro wenyewe usijazwe mishono mno, maana msongamano ndio unaokatisha sindano na kukunja kitambaa. Herufi zenye kimo chini ya milimita 5 mwambie mteja azikuze au aziondoe. Kwenye kitambaa kizito zinazama, hazisomeki.

Jaribu kwanza kwenye moja kati ya yale matatu yaliyoharibika, sehemu ya mgongoni. Tayari umeshalilipia.

Swali: Bibi, nilidarizi majaketi ya mvua ya vijana wa boti, sasa maji yanapenya kifuani. Tatizo ni uzi? — Msomaji, Pongwe

Jibu: Si uzi, ni matundu. Kila mshono wa sindano ni tundu, na nembo moja ina maelfu. Kwa jaketi la mvua, darizi nembo kwenye kipande cha kitambaa pembeni, kisha ukibandike kwa gundi inayostahimili maji, bila kukishona. Yale uliyokwisha kudarizi, bandika ndani utepe wa kuzuia maji uliopana kuliko nembo, ukiubana kwa pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa cha pamba. Jaribu pembeni kwanza, maana majaketi mengine yanayeyuka. Halafu uliache mpaka kesho yake, ndipo ulimwagie ndoo ya maji ukitazama kwa ndani.