Keki ya tarehe

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa menyu ya hoteli moja huko Unguja, kutoka Kiingereza kwenda Kihispania. Kurasa 4 tu. Nikaimaliza jioni moja. Siku ilipowekwa mezani, mama mmoja wa Kihispania akamwita mhudumu na kumwonyesha kwa kidole: "pastel de fechas". Keki ya tarehe. Mpishi wa watu alikuwa ameoka keki ya tende.

Kwa Kiingereza tende ni "date", tarehe ni "date", na miadi ya wapenzi nayo "date". Kihispania kinazitenga: dátil, fecha, cita. Kiswahili vilevile, na hapo ndipo paliponiuma. Ningejiuliza tu kwa lugha ya nyumbani, nisingeaibika. Tangu siku ile sifungui kamusi ya Kihispania kabla sijalisema neno kimoyomoyo kwa Kiswahili. "Nail" ni kucha? Basi uña. Ni msumari? Clavo. "Free" ni bure au huru? Boti ya kuwapeleka wageni ufukweni bila malipo ni gratis. Ukiandika libre, msomaji ataelewa haina mtu, kama teksi inayosubiri abiria. Tamu kuliko zote ni "time": wakati, saa, mara, tiempo, hora, vez. Utadhani tulikaa kikao nao.

Ila ujanja huu una pa kukwamia. Samaki kwetu ni samaki, awe baharini au kwenye sufuria. Kwao anayeogelea ni pez. Akishavuliwa aliwe ni pescado. Nami kwenye menyu ileile (ndiyo, ileile) nilichoma pez. Kona nayo: ya mtaani unapokata ni esquina, ya ndani ya chumba unapoegemeza ufagio ni rincón. Hapo Kiswahili hakikuokoi, kwa hiyo siku hizi sichukui menyu bila mteja kunitumia picha za vyakula.

Ninalolichunga zaidi ni "once", hasa kwenye maelekezo ya dawa. Kwa Kiingereza ni mara moja. Kwa Kihispania herufi hizohizo ni kumi na moja. Likikuponyoka bila kutafsiriwa, mgonjwa anaweza kuhesabu vidonge 11. Naandika una vez al día, kisha nalisaka "once" kwenye faili zima, na kabla ya kutuma nalisaka tena.